Mdudu Katika Nguo ya Kale

Mtu akiwekewa nguo mbili nyekundu, moja iliyotiwa rangi kwa mizizi ya mmea na ya pili kwa wadudu, macho yake hayawezi kumwambia ipi ni ipi. Na nguo ikiwa imelala pangoni miaka elfu kadha wa kadha, hata mtia rangi stadi angeshindwa. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi wenye elimu ya kemia wanavyoiuliza nguo yenyewe, nayo ikajibu.

Kwanza tumjue mdudu. Kila mkulima wa michungwa au mibuni amepata kuwaona wadudu-gamba, wale wanaong'ang'ania vitawi kama vigaga vidogo, wasisogee. Katika nchi zilizo kando ya bahari ya Mediteranea yuko ndugu yao aishiye juu ya mwaloni mfupi. Waarabu humwita kirmizi, na katika neno hilo Wazungu walipata jina la rangi nyekundu iliyokoza. Jike lake hutuama mahali pamoja, akanyonya utomvu, akavimba hata kuwa kama punje ya mbaazi, amejaa mayai. Rangi imo mwilini mwake na katika mayai hayo. Muda wa kumvuna ni kama mwezi mmoja tu kwa mwaka, na maelfu ya wadudu hutoa rangi kidogo. Si ajabu kwamba nguo hiyo ilikuwa ya wenye mali.

Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale waliingia katika Pango la Mafuvu, katika jangwa la Yudea karibu na Bahari ya Chumvi. Humo waliokota kipande cha nguo ya sufu nyekundu na kitani, kisichofika sentimeta moja na nusu. Umri wake, kwa kipimo cha kaboni, ni miaka kama 3,800. Basi swali likawa: wekundu huu ni wa nini?

Kujibu hakukuwa bila gharama, maana uzi upimwao hauwezi kurudishwa, na kipande chenyewe ni hicho tu. Kwa hiyo huchukuliwa sehemu ndogo sana. Watia rangi wa kale walitumia shabu ili rangi ishikamane na sufu. Mpimaji hutumia asidi kukifungua kifungo hicho, rangi ikatoka ndani ya maji. Kisha maji hayo husukumwa kwa nguvu katika mrija mwembamba uliojazwa unga laini. Hapo ndipo penye ujanja wote. Wafikirie watu wawili wapitao sokoni: mmoja ana jamaa wengi, husimama kila kibanda kuamkiana, wa pili ni mgeni, hupita moja kwa moja. Waliingia pamoja, lakini hawatoki pamoja. Ndivyo zilivyo dawa zilizomo katika rangi. Kila moja hutoka kwa wakati wake. Mwishoni mwa mrija mna taa ya kupima, maana kila dawa humeza mwanga kwa namna yake. Kwa wakati na kwa mwanga dawa hutambulikana.

Mizizi nyekundu ingalitoa alizarini. Uzi wa pangoni haukutoa hiyo, bali asidi ya kermesi, ambayo ni ya mdudu. Na kwa kupima kiasi cha dawa hiyo na zile zilizo pamoja nayo, Bibi Na'ama Sukenik na wenzake waliamua kwamba ni mdudu wa aina iitwayo Kermes vermilio. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2024. Sasa, aina hiyo haipatikani Yudea. Yapatikana Hispania, Ufaransa na sehemu nyingine za Mediteranea. Ni kusema kwamba zamani zile, rangi hiyo au nguo yenyewe ilisafiri mbali kwa mikono ya wafanya biashara. Uzi mfupi kuliko ukucha umetuonyesha njia ya biashara.

Wako wadudu wengine pia. Yule wa Meksiko na Peru, alaye mpungate, hutoa asidi ya karmini, na Ulaya haikumpata ila baada ya Wahispania kuvuka bahari katika karne ya 16. Mtu akiuza nguo ya Ulaya, akasema ni ya miaka elfu, nayo ina rangi ya mdudu huyu, amejifunga mwenyewe, au labda imetiwa viraka baadaye. Lakini mpimaji asiye mwangalifu aweza kupotea hapa, kwa kuwa mdudu wa Armenia na yule wa Polandi nao wana asidi hiyo hiyo. Tofauti zao zimo katika zile dawa ndogo ndogo zitokazo pamoja nayo, na kuzipima hizo kwataka uzi wa kutosha na subira nyingi.