Jicho na Daftari

Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa Ngomeni. Ilirushwa kwa hesabu. Lakini mtoto wetu wa Ngomeni akicheza kandanda hupimwa kwa jicho tu, tena jicho la alasiri moja!

Mwaka 2002 huko Marekani, timu ya besiboli ya Oakland, yenye fedha chache, iliwategemea wachezaji ambao wajuzi waliwapuuza kwa maumbile yao, ilhali takwimu ziliwatetea. Ikashinda mechi 20 mfululizo.

Sisemi jicho halina kazi. David Rudisha alianza na mita 400. Bruda Colm O'Connell wa Iten ndiye aliyemwelekeza kwenye mita 800, na London mwaka 2012 akamaliza kwa 1:40.91. Hilo, hata hivyo, lilikuwa jicho la mlezi aliyekaa naye, si la mpita njia.

Kwa hiyo namwomba mwalimu wa michezo aweke daftari: pasi ngapi zilifika, mipira mingapi ilinyang'anywa. Yule mfupi, asiyejua kujionyesha wageni wanapokuja, hana shahidi mwingine.