Ushairi wa Kifungo na Maisha Baada ya Kufunguliwa

Ushairi wa kifungo ni mashairi anayotunga mfungwa akiwa ndani, pamoja na yale anayotunga baada ya kufunguliwa, wakati kifungo kingali kinamkaa moyoni. Nyumba ya wafungwa ina majina mengi, kwani pwani husema gereza au jela, ilhali wasemaji wengi wa mashariki ya Kongo, huko Goma, Sake na Kirotshe, husema buloko. Lakini kokote iliko, maneno ya mfungwa hayana budi kupita kwa mlinzi kabla ya kumfikia aliyekusudiwa.

Jambo hilo limo katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Waswahili, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utendi mwaka 1913. Liyongo, akiwa amefungwa kisiwani Pate, alimwimbia mjakazi Saada wimbo wa kumpelekea mama yake, akiagiza tupa ifichwe ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka. Walinzi wakajilia mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi, wasijue kwamba ndimo ulimokuwa uhuru wake. Hata hivyo, kutoka hakukumpa usalama, kwa kuwa baadaye aliuawa na mwanawe mwenyewe.

Katika zama zetu, mfano ulio wazi zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kosa la uchochezi, baada ya kuandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, wa kuikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Katika “Siwati”, neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, lenye maana ya “siachi”, anashikilia msimamo wake. Katika “Mamba” anatumia fumbo, yaani usemi wenye maana iliyofichwa, ili mnyama anayejivunia nguvu zake mtoni amkumbushe msomaji watawala wanaojiona hawatakufa.

Umbo la shairi lenyewe humfaa mfungwa, kwa sababu ubeti wa kawaida una mishororo minne yenye mizani, yaani silabi, 16 kila mmoja, na vina, ambavyo ni silabi za mwisho zinazofanana, huufunga ubeti huo kiasi kwamba silabi ikidondoka sikio hutambua; kwa hiyo karatasi ikichukuliwa, kumbukumbu hubaki kuwa ghala.

Maisha baada ya kufunguliwa yalikuwa na ukinzani wake. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi, ilhali mtunzi alikuwa amekwisha kuhamia Tanzania, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kwenda London na hatimaye Leipzig, Ujerumani, alikofundisha Kiswahili. Hivyo mashairi yalitoka gerezani yakasomwa nyumbani, lakini aliyeyatunga alitoka asikae kwao.