Funguo Nne za Leisnig: Juu ya Kazi ya Bodi katika Taasisi za Kanisa

Mchungaji apangiwapo kazi mahali penye hospitali au shule ya sekondari ya Kanisa, mara nyingi hujikuta mjumbe wa bodi kabla hajajua bodi ni kitu gani. Chuoni amefundishwa kuhubiri, kubatiza na kuzika. Taarifa ya mkaguzi wa hesabu aiona kwa mara ya kwanza mezani. Katika makala hii twakusudia kueleza ni nini kinachoipa bodi nguvu, na kwa kuwa sisi tu Walutheri, twaanza na mfano wa kale ulio wetu.

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia huko Ujerumani, ulitunga kanuni za Kasha la Pamoja, na Martin Luther akaziandikia dibaji. Mapato ya mali za kanisa yalikusudiwa kumtunza mchungaji, kuendesha shule, kutengeneza majengo na kuwasaidia maskini. Wasimamizi walikuwa 10, wa kuchaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa makabaila, wawili katika baraza la mji, watatu raia wa mjini na watatu wakulima wa vijijini. Kasha liliwekwa kanisani, nalo lilikuwa na kufuli nne. Kila kundi lilishika ufunguo wake. Basi kabaila hakuweza kulifungua pasipo mkulima. Wasimamizi walipaswa kukutana kila Jumapili, na mara tatu kwa mwaka usharika wote ukusanyike kusikia hesabu.

Kufuli hizo hazikuwekwa kwa kuwa wasimamizi walidhaniwa kuwa wezi. Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na hata mtu mwema ahitaji shahidi. Mtume Paulo naye, katika habari ya changizo la Yerusalemu, alitaka kufuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe (2 Kor. 8:18–21).

Walakini mpango ule ulikwama. Baraza la mji lilikataa kuiachilia mali iliyokuwa mikononi mwake, hata Agosti 1523 Luther akalazimika kumwandikia Mtawala Frederick kwa ajili ya watu wa Leisnig. Kufuli zilikuwapo, kilichopasa kuwekwa ndani ya kasha hakikuletwa.

Twaona kwamba huu ndio ugonjwa wa bodi zetu nyingi. Katiba ipo, wajumbe wamechaguliwa, lakini mambo yenyewe hayaletwi mbele yao. Taarifa ya fedha hugawanywa asubuhi ya mkutano. Mganga mkuu au mkuu wa shule husoma kwa saa mbili, wajumbe humshukuru, hujadili kwa bidii bei ya maharage na tairi za gari (kazi ya mhasibu, si yao), kisha chakula na posho. Uamuzi mkubwa, kama vile kukopa au kuanza jengo jipya, umekwisha kufanywa ofisini. Bodi hupaswa kumchagua kiongozi wa taasisi na kumdai hesabu, kupitisha bajeti, na kuuliza kama hospitali ingali ikimhudumia maskini ambaye ilijengwa kwa ajili yake. Haya hayawezekani kwa karatasi iliyopokewa dakika kumi zilizopita.

Jambo gumu zaidi ni kiti cha mwenyekiti. Mahali pengi hukikalia askofu mwenyewe. Je, ni nani atakayesema kwamba hesabu haziendi sawa? Mchungaji ambaye askofu huyo ndiye ampangiaye kituo? Sisi twaona ni afadhali askofu awe mlezi, na kiti apewe mlei mwenye ujuzi, asiyetazamia cheo wala uhamisho kutoka dayosisi. Hilo halimpunguzii askofu heshima. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 28, laeleza kwamba mamlaka yake hasa ni ya Neno na Sakramenti.

Mengine ni mepesi. Taarifa zipelekwe majuma mawili kabla ya mkutano, zikiwa na ukurasa mmoja ulio wazi: fedha zilizoingia, zilizotoka, madeni, na mishahara isiyolipwa. Sehemu ya kila mkutano kiongozi wa taasisi atoke nje, wajumbe wazungumze peke yao. Ukurasa ule usomwe pia sharikani. Kama mara tatu kwa mwaka ni nyingi, basi na iwe mara moja, pamoja na michango ya pensheni ya wauguzi ambayo haijapelekwa, kwa maana wauguzi hao nao wameketi papo hapo kanisani wakisikiliza.