Nguo Inayochongwa

Ukitoka Voi kuelekea Taveta utapita Mwatate, penye shamba la mkonge la Teita, mojawapo ya makubwa kabisa duniani. Huku Taita akina mama husokota nyuzi pajani, kisha hufuma kikapu kuanzia kitakoni, mzunguko juu ya mzunguko, hadi tumbo litune. Anayetaka kuelewa uchongaji wa sanamu za watu na akishike kikapu hicho kwanza. Uzi unazunguka mahali patupu, na patupu panapata umbo.

Nguo mwilini hufanya vivyo hivyo. Inapovutika, pana mfupa chini yake: goti, bega, nyonga. Inapolegea, pana hewa. Mchongaji husoma mikunjo kabla ya kusoma uso. Wengine huchovya kitambaa halisi katika plasta laini, wakakiviringisha kwenye umbo kikauke na mikunjo yake. Na plasta yenyewe mara nyingi hutiwa nyuzi za mkonge isije ikapasuka.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 wanawake wake wanne wa shaba nyeusi waliwekwa kwenye ukuta wa mbele wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mizunguko ya shaba imewavika tangu shingoni hadi chini, kama kamba iliyopangwa safu kwa safu. Ni vazi, ni deraya pia. Ukitafuta mwili unapoishia na vazi linapoanzia, huoni mpaka, na kwangu hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi ile: ukivua nguo, hakuna anayebaki.

Wagiriama wa pwani ya Kenya walilijua jambo hili zamani. Kigango, mti wa ukumbusho wa mzee wa chama cha Gohu, huchongwa bapa, kichwa na kiwiliwili bila mikono, kikajazwa pembetatu ndogondogo. Kisha hufungwa vitambaa, vyekundu, vyeupe, vyeusi. Hapo mzee amevikwa, amekaribishwa nyumbani. Vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Thelathini kati ya hivyo vilirudishwa Kenya na jumba la makumbusho la Denver, Marekani. Katika majumba kama hayo hutazamwa kama mbao zilizochongwa vizuri. Ninapoviona kwenye picha, vimesimamishwa ukutani bila hata kitambaa kimoja, natamani mtu avifunike.