Picha Iliyoghushiwa na Picha Iliyosingiziwa

Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja ambalo hutumika ovyo litajwapo pamoja na picha za mnato, nalo ni "bandia". Mtu akiitilia shaka picha husema mara moja kwamba ni ya bandia, au "feki" kwa lugha ya mitaani, na neno hilo hufunga mazungumzo kabla hatujajua kosa ni lipi na limetendwa na nani.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakaingia Wilaya ya Ngara, na kambi ya Benako ikageuka kuwa mji katika siku chache tu. Mpiga picha Mbrazili, Sebastião Salgado, alifika huko mwaka huo, na picha zake za Benako, zisizo na rangi, zimeonekana duniani kote. Sasa tuseme mtu anaichukua picha mojawapo ya kambi hiyo, asiguse hata nukta moja, kisha anaandika chini yake kwamba hao ni wageni walioingia juzi Nyantakara, katika wilaya jirani ya Biharamulo, ili kunyang'anya mashamba. Picha yenyewe ni halisi, waliomo walikuwapo. Uongo umo katika maelezo. Hata hivyo mwanakijiji anayeipokea katika simu yake aweza kumfukuza jirani yake kwa ajili ya picha hiyo.

Picha ya namna hii haikughushiwa. Kughushi ni kutia mkono katika kitu chenyewe, kama sahihi inavyoghushiwa katika hati. Tunaona inafaa iitwe "picha iliyosingiziwa", kwani picha, kama binadamu, yaweza kusingiziwa jambo ambalo haikulishuhudia. Huenda wasomaji wengine wakapendelea "iliyopotoshwa". Sisi twaona kwamba kupotosha kwaelekea zaidi kule kuharibu umbo.

Iliyoghushiwa hasa ni kama ile ya Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin. Aliuawa mwaka 1940, kisha akafutwa katika picha aliyopigwa pamoja na Stalin kando ya mfereji, na mahali aliposimama pakawa maji matupu. Lakini si kila mkono utiwao katika picha ni wa kughushi. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata picha za wateja wake na kuziunganisha na nyingine. Mteja alilipa akijua kilichofanyika, basi hizo ni "picha za kuunganisha", na kuziita za bandia ni kumvunjia heshima fundi.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni "kusafisha". Kwa miaka mingi kusafisha picha kulikuwa ni kuitia filamu katika dawa gizani hata sura ikatokea. Siku hizi vijana husema wamesafisha picha wakiwa na maana ya kuondoa kovu usoni, au hata mtu mzima, kwa kompyuta. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kwa sheria kuwa lugha ya mahakama, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia habari za uongo zitolewazo kwa njia ya picha hali mtoaji akijua kuwa ni za uongo. Shahidi akisema, "Picha hii nilisafisha mimi," hakimu aelewe nini? Twapendekeza "kusafisha" libaki kuwa la filamu, na kazi ya kurekebisha picha iitwe "kuhariri", neno ambalo halimhukumu mtu kabla ya kusikilizwa.

Imebaki picha itokayo katika akili unde, au akili mnemba kama wengine wasemavyo. Hapa kitenzi chetu cha kale chatusaidia bila ya jasho. Picha "hupigwa", na hakuna kupiga pasipo kitu kilichokuwa mbele ya kamera. Hii haikupigwa, imeundwa. Basi na iitwe "picha ya kuundwa", hata ikiwa nzuri na hata ikiwa haimdhuru mtu, na jina hilo liandikwe chini yake mahali pa jina la mpiga picha.