Mkanda Usioishia Kiti cha Mbele

Katika magari yanayopita Muheza, kwenye barabara ya Segera–Tanga, kufunga mkanda hutegemea mtu ameketi wapi. Dereva hufunga, na abiria wa kando yake naye hufunga, hasa trafiki wakionekana mbele. Nyuma, mara nyingi mikanda imezama chini ya viti au haipo kabisa. Kwenye Noah za abiria, wanne wakibanana katika kiti cha watatu, mikanda haiwezi kutosha. Mtoto mdogo hupakatwa.

Sheria nayo ilielekea huko huko. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimlenga dereva na abiria wa mbele, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 iliihesabu Tanzania kati ya nchi zisizo na sheria ya viti vya watoto.

Hatari haichagui kiti. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mwili usiofungwa huendelea na mwendo ule ule. Pigo lake ni sawa na la kuanguka kutoka kwenye mnazi wa mita 10. Abiria wa nyuma humwangukia wa mbele. Mtoto wa kilo 12 huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara kumi, na hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mkanda hupunguza vifo vya wanaoketi mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na wa nyuma kwa asilimia 25. Mkanda wa mtu mzima haumfai mtoto, kwa kuwa humpitia shingoni na tumboni. Kiti chake maalumu hupunguza vifo kwa takriban asilimia 60, na mtoto mchanga hutazamishwa nyuma ya gari.

Desturi hubadilika sheria inaposimamiwa. Uingereza ilipolazimisha mkanda kwa viti vya mbele mwaka 1983, kiwango cha waliofunga kilipanda kutoka takriban asilimia 40 hadi zaidi ya 90. Kenya, chini ya Waziri John Michuki, ilidai mikanda katika matatu kuanzia 2004.

Ufungaji wa mkanda hupimwa kwa kuhesabu magari yanayopita barabarani. Hesabu yenye maana hutenganisha dereva, abiria wa mbele, wa nyuma na watoto. Ikiwajumlisha wote, madereva wanaofunga huficha viti vya nyuma visivyo na mikanda.