Maumivu ya kifua: Maswali ya kwanza ndiyo huamua hatima ya mgonjwa Garsen

MGONJWA anapofika katika kituo cha afya eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, na kusema "kifua kinaniuma", huwa amesema mengi na wakati huo huo hajasema lolote. Kauli hiyo moja yaweza kumaanisha nimonia, kifua kikuu, msuli uliovutika alipokuwa akibeba magunia ya mpunga, kiungulia, mkanda wa jeshi au hofu tupu. Yaweza pia kuwa mshtuko wa moyo utakaomuua kabla ya jua kutua.

Kazi ya mhudumu wa afya ni kuyatenganisha hayo yote, na katika delta ya Mto Tana huifanya akijua kwamba daktari bingwa wa moyo hayuko karibu. Kutoka Garsen hadi Malindi ni takriban kilomita 110. Kutoka Malindi hadi Mombasa, iliko hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ni kama kilomita 120 nyingine. Upande wa kaskazini iko Hola, makao makuu ya kaunti. Wakati wa mafuriko hata barabara zenyewe hazitegemeki. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino zilisababisha maji kufunika sehemu za barabara ya Garsen kwenda Lamu na usafiri ukakwama.

Kwa hivyo, uamuzi wa kumsafirisha mgonjwa au kumrudisha nyumbani na dawa za tumbo si mdogo. Safari isiyohitajika huifilisi familia. Safari iliyohitajika ikakosa kufanywa huiachia msiba.

Kiswahili chenyewe humfaa mgonjwa na pia chaweza kumponza. Anayesema ana kichomi kwa kawaida huwa anaeleza maumivu makali ya ubavuni yanayomkata kila avutapo pumzi au akohoapo, na hayo huelekeza fikira kwenye mapafu na utando unaoyazunguka. Anayesema kiungulia huzungumzia moto unaopanda kutoka tumboni hadi kooni. Lakini yuko anayesema anaumwa na chembe cha moyo. Neno hilo lina moyo ndani yake, ilhali huonyesha mahali palipo chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Mara nyingi maumivu ya hapo ni vidonda vya tumbo. Hata hivyo, sehemu ya chini ya moyo inapokosa damu, maumivu yake huweza kujitokeza papo hapo, yakiandamana na kichefuchefu na kutapika. Mhudumu anayesikia "chembe cha moyo" na kuandika vidonda vya tumbo bila kuuliza zaidi amecheza kamari na maisha ya mtu.

Isitoshe, wagonjwa wengi wa eneo hilo huwaza kwa Kipokomo au Kiorma kabla ya kueleza hali yao kwa Kiswahili. Ndiyo maana inafaa mgonjwa aombwe kuonyesha kwa mkono. Anayekunja ngumi au kutandaza kiganja katikati ya kifua huwa anaeleza kubanwa, kana kwamba amewekewa gogo. Anayenyoosha kidole kimoja mahali padogo, na pakibonyezwa paumie, pengine anaumwa na misuli au mbavu. Ishara hizi husaidia, lakini si hukumu.

Baada ya hapo maswali hufuata kwa utaratibu. "Mzee, ulikuwa ukifanya nini yalipoanza?" Maumivu yanayokuja mtu akilima au akitembea kwa kasi, kisha yakatulia akipumzika, ni dalili ya mishipa ya moyo iliyoziba kiasi. Yakija akiwa ametulia, yakazidi dakika 15 au 20, yakaenea hadi kwenye taya, bega au mkono na kuandamana na jasho la baridi, hiyo ni dharura. Aidha, huulizwa kuhusu presha, kisukari, sigara na jamaa waliofariki ghafla. Swali la presha lisichukuliwe kama desturi tu: utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Yapo makundi yanayowahadaa hata madaktari wenye uzoefu. Wazee, wanawake na wenye kisukari wanaweza kupatwa na mshtuko wa moyo bila maumivu makali. Hulalamikia uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, au tumbo kuvurugika. Mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, mguu mmoja ukiwa umevimba na pumzi zikimpaa ghafla, huenda ana donge la damu lililosafiri hadi mapafuni. Kijana mwenye selimundu, maradhi yanayojulikana sana Pwani, akipata homa na maumivu ya kifua hapaswi kurudishwa nyumbani. Naye anayehisi maumivu ya kupasuka yanayopenya hadi mgongoni, huku presha ya mkono mmoja ikitofautiana sana na ya mwingine, huenda mshipa wake mkuu wa damu umechanika ndani. Huyo akipewa dawa za kuyeyusha damu anaweza kuuawa na tiba yenyewe.

Kifua kikuu nacho kina sura zaidi ya moja. Kikohozi cha wiki kadhaa, jasho la usiku na kukonda huwa vyatosha kumfanya mhudumu aagize kipimo cha makohozi. Lakini ugonjwa huo huweza kuingia kwenye utando unaozunguka moyo na kujaza maji. Mgonjwa huvimba miguu, mishipa ya shingo hutuna na sauti ya moyo husikika kwa mbali. Akipimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, maji hayo huonekana.

Chombo muhimu kuliko vyote katika saa ya kwanza ni mashine ya kupima umeme wa moyo, maarufu ECG. Haichomi wala haihitaji maabara, na mwongozo wa kimataifa husema ifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Hata hivyo, ina mipaka ambayo jamaa wa mgonjwa, na wakati mwingine wahudumu, husahau. Kipimo cha kwanza chaweza kuwa safi hali moyo unaumia. Iwapo maumivu yanaendelea, hurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapojeruhiwa, nacho huchukua saa kadhaa kupanda. Majibu mazuri ya saa ya kwanza hayajamwachilia mgonjwa.

Kosa jingine ni kumpa mgonjwa dawa ya kiungulia na kuhitimisha kwamba, kwa vile amepata nafuu, moyo wake ni mzima. Nafuu hiyo si ushahidi. Maumivu ya moyo hupungua na kurejea yenyewe.

Mshtuko wa moyo ukithibitishwa, hesabu ya umbali huanza. Tiba bora ni kuuzibua mshipa kwa mpira mwembamba unaopitishwa mkononi au kwenye paja, mradi ifanyike ndani ya dakika 120 hivi tangu ugonjwa utambuliwe. Kwa mtu aliyeko Garsen, hata kama wataalamu wangekuwa wakimsubiri Mombasa, kilomita 230 za barabara humaliza muda huo. Linalobaki ni dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo hufaa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na hufaa zaidi katika saa za mwanzo.

Ipo pia aspirini, ya bei nafuu na ya kawaida kiasi kwamba hudharauliwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 1988, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa dawa hiyo pekee ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Ikitumiwa pamoja na dawa ya kuyeyusha damu, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 42. Kipimo chake ni miligramu 300, yaani tembe nne za miligramu 75, na hutafunwa badala ya kumezwa nzima ili ifanye kazi upesi. Hapewi mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kupata choo cheusi, wala anayeshukiwa kuchanika mshipa mkuu.

Kabla ya gari kuondoka kuelekea Malindi, karatasi ya rufaa huandikwa saa maumivu yalipoanza, dawa zilizotolewa na saa zilipotolewa, na kuambatishwa na karatasi ya umeme wa moyo yenyewe. Daktari atakayempokea atahitaji kuilinganisha na ile atakayoipima yeye.